Mimea ya Viungo na ya Dawa Kati ya Nakuru na Kisumu: Mwinuko Kwanza, Mbegu Baadaye

Anayesafiri kwa matatu kutoka Nakuru kwenda Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho huondoka asubuhi akiwa na sweta, na akifika Awasi huwa ameshaivua. Safari hiyo ya saa chache humfunza mkulima wa mimea ya viungo jambo ambalo halikuandikwa kwenye pakiti ya mbegu. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu uko takriban mita 1,130, Kakamega uko katikati yao kwenye mita 1,500 na ushei, na Molo hupanda hadi karibu mita 2,500. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, Kisumu huizidi Nakuru kwa nyuzi nne hivi, na huizidi Molo kwa nyuzi nane. Kwa mahindi, tofauti ya namna hiyo huamua utavuna mwezi gani. Kwa mimea ya harufu, huamua kama utavuna au utang'oa mizizi iliyooza.

Maelekezo mengi yanayosambaa kuhusu mimea hii yaliandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya theluji, nayo humwambia msomaji asubiri siku zirefuke. Kwetu hazirefuki. Mstari wa ikweta hupita Maseno, na mchana huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo kalenda ya kufuata ni ya mvua na ya joto. Masika huanza Machi pande zote mbili. Kisumu hukauka zaidi Januari na Februari, Kakamega hupumzika na mvua kati ya Desemba na Februari, na Nakuru huwa na baridi yake kali kuanzia Juni hadi Agosti. Miche inayopenda unyevu ipandikizwe Machi au Aprili. Inayochukia mizizi yenye maji, kama rozmari na thaimu, ni afadhali ipandikizwe mvua zinapoanza kupungua, hata kama itakubidi kubeba ndoo wiki mbili tatu za mwanzo.

Udongo ni jambo la pili, na hapa ndipo bahati ya watu wa Nakuru ilipo. Udongo wao ulitokana na majivu ya volkeno, ni mwepesi, na maji hupita ndani yake upesi, hali ambayo mkulima wa mboga huilalamikia lakini mkulima wa rozmari huiombea. Tatizo lao ni maji yenyewe: visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi na chumvichumvi za magadi, na anayemwagilia kwa maji ya kisima mwaka baada ya mwaka ataona ncha za majani zikikauka na weupe ukitanda juu ya udongo. Tangi la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati linafaa zaidi, na kwa bustani ya nyumbani huwa linatosha.

Kwenye tambarare za Kano, kuanzia Ahero hadi kingo za Kisumu, udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kushika maji kama sufuria wakati wa mvua. Usiupande ukiwa tambarare. Inua tuta hadi kimo cha sentimita 30 au zaidi, chimba mtaro kati ya matuta, na uchanganye udongo na mboji pamoja na kapi za mpunga, ambazo hupatikana kwa wingi kwenye vinu vya Ahero. Wapo wanaotumia magugu maji ya ziwani kutengeneza mboji. Ni mbolea nzuri kwa maua na miti, lakini gugu hilo hufyonza metali nzito kutoka kwenye maji machafu, na mimi singelitumia kwa majani yatakayotiwa kwenye kikombe cha mgonjwa.

Kakamega na Vihiga hupata mvua nyingi, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka huko Kakamega, ambayo ni karibu maradufu ya ile ya Nakuru. Mvua hiyo imeosha madini ya udongo kwa miaka mingi na kuufanya uwe wenye asidi. Nanaa, mchaichai na tangawizi huvumilia hali hiyo. Thaimu na rozmari hudumaa. Chokaa ya kilimo kutoka Koru, ikichanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, hupunguza asidi, na majivu ya jikoni husaidia kwa kiasi kidogo. Pima udongo kwanza kabla ya kununua chokaa, kwa maana ikizidi nayo huleta hasara yake.

Kati ya mimea yote hii, dania ndiyo inayouzwa kila siku na kila mama mboga, na ndiyo inayowashinda wengi. Kosa la kwanza hufanyika kwenye mbegu. Kile kidude cha mviringo tunachokiita mbegu ni tunda lenye mbegu mbili ndani yake, na likipandwa zima huota polepole na bila mpango. Liviringishe taratibu chini ya chupa au kipande cha ubao hadi ligawanyike, bila kulisaga, kisha uloweke usiku kucha. Kosa la pili ni kuotesha kitaluni na kuhamisha. Dania ina mzizi mmoja mrefu unaoshuka chini, na ukiukata au kuupinda mmea huingiwa na hofu, hutoa shina la maua na kuacha majani. Panda moja kwa moja kwenye tuta, kina cha sentimita moja hivi, mistari ikiachana sentimita 20 hadi 30, na miche itachomoza baada ya wiki moja hadi mbili.

Kosa la tatu ni la mahali. Jua la Kisumu huichanulisha dania kabla haijashiba majani, kwa hiyo ipandwe panapopata kivuli baada ya saa saba mchana, kama vile upande wa mashariki wa nyumba au chini ya wavu wa kivuli, na udongo usiachwe ukauke hata siku moja. Nakuru na Njoro hazina shida hiyo. Huko dania hukaa na majani muda mrefu zaidi. Popote ulipo, usipande yote siku moja. Tuta dogo kila baada ya wiki mbili au tatu litakupa majani mwaka mzima, kwa kuwa kila tuta huvunwa kati ya siku ya 35 na ya 45, kisha kazi yake imekwisha. Ile inayochanua usiing'oe yote: maua yake huwaita wadudu rafiki wanaokula vidukari, na mbegu zake zikikauka ni kiungo cha pilau na tena ni mbegu ya msimu ujao. Mbegu ya agroveti iliyopakwa dawa ya rangi isiingie jikoni kamwe.

Rozmari ni mmea wa kinyume. Hutaka kusahauliwa. Nilipohamia Kisumu nilibeba miche kumi na miwili kutoka Nakuru, nikaipanda kwenye shimo lililojazwa samadi ya ng'ombe, nikaimwagilia asubuhi na jioni kama mboga, na kufikia mwezi wa tatu ilikuwa imebaki miwili, yote ikiwa pembeni mwa kokoto zilizobaki baada ya ujenzi. Kokoto hizo ndizo zilizonifundisha. Mimea ya jamii hii hutunza mafuta yake ya harufu kwenye vifuko vidogo juu ya majani, na ikilishwa mbolea nyingi na maji mengi hukuza majani mapana, laini, yenye maji ndani na harufu hafifu.

Rozmari haifai kuanzishwa kwa mbegu, kwa sababu huota chache na huchelewa. Kata kipandikizi cha sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye tawi lisilo changa sana wala gumu kama mti, ondoa majani ya nusu ya chini, na ukichomeke kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na udongo kidogo, kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi nane. Kipandikizi kisivutwe ili kuangaliwa. Kikianza kutoa majani mapya juu, chini kuna mizizi. Pandikiza kwa nafasi ya sentimita 60 hadi mita moja, mahali penye jua la siku nzima, na baada ya kushika mwagilia tu udongo ukiwa umekauka kwa kina cha kidole. Nakuru, Gilgil na Naivasha mmea huu hugeuka uzio wa boma bila kutunzwa. Kisumu utaishi kwenye tuta la juu lenye kokoto au kwenye debe lililotobolewa chini. Thaimu hufuata maelekezo hayohayo, ila ni fupi na ipandwe kwa nafasi ya sentimita 25 au 30.

Mrehani ni mtoto wa joto. Chini ya nyuzi kumi majani yake huwa meusi, kwa hiyo mtu wa Molo asijisumbue nao nje, na mtu wa Nakuru aukwepe Juni hadi Agosti, lakini Kisumu, Siaya na Busia ni kwao. Otesha kitaluni, funika mbegu kwa udongo mwembamba sana, nazo zitachomoza ndani ya siku tano hadi kumi. Miche yenye majani sita ipandikizwe kwa nafasi ya sentimita 30. Kazi kubwa inayobaki ni ya vidole: kila shina linapofikia jozi tatu za majani, ng'oa ncha, na kila ua linapojitokeza, liondoe, maana mrehani ukishazaa mbegu huona umemaliza wajibu. Mwagilia chini, kwenye udongo, wala si juu ya majani, hasa jioni. Ukungu hupenda majani yanayolala yakiwa yamelowa.

Ndugu wa mrehani anayestahili kutajwa ni ule wa kienyeji wenye harufu ya kafuri, Ocimum kilimandscharicum. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya Msitu wa Kakamega, huulima na kukamua mafuta yake kwa mvuke ili kutengeneza dawa ya kupaka, na kazi hiyo ilikipatia Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Mmea huo ni mgumu kuliko mrehani wa jikoni, hukatwa na kuchipua tena, na faida yake nyingine ni kwamba watu huacha kuingia msituni kutafuta dawa ambayo wanaweza kuilima nyuma ya nyumba.

Mchaichai hauhitaji maneno mengi. Gawanya shina kuu la jirani, chukua vipande vyenye mizizi, punguza majani hadi sentimita 15, na upande kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 90. Hukua Kisumu, hukua Kakamega, na Nakuru hukua polepole. Anza kukata baada ya miezi minne au sita, ukiacha kisiki cha sentimita 10, na kila mwaka wa tatu au wa nne ung'oe na kuugawanya upya kwa kuwa katikati hufa. Angalia tu usipewe ndugu yake mwenye mashina yenye wekundu chini, ambaye ni wa kufukuzia mbu na si wa chai.

Nanaa nayo ni mkaidi. Haipandwi kwa mbegu, kwa maana mbegu zake hazifuati mama. Weka kijiti chake kwenye glasi ya maji, na ndani ya wiki moja au mbili kitakuwa na mizizi. Ikishashika hutambaa chini ya udongo na kuingia kwenye sukuma wiki. Ifungie: kata kitako cha mtungi wa lita 20, uzike mtungi huo ukiacha sentimita tano juu ya ardhi, na upande ndani yake. Inapenda unyevu na kivuli cha nusu siku. Ukiona madoa ya rangi ya machungwa chini ya majani, hiyo ni kutu. Kata mashina yote hadi chini, uyachome, na machipukizi mapya mara nyingi huwa safi.

Katika mimea ya dawa, uangalifu wa aina nyingine unahitajika. Shubiri, ambayo wengi huiita alovera, hupandwa kwa machipukizi yanayoota pembeni mwa mama. Yaache kivulini siku tatu hadi tano ili kidonda kikauke kabla ya kuyapanda, la sivyo yataoza. Panda kwenye udongo unaopitisha maji na umwagilie kwa nadra. Ukikata jani, lisimamishe kwenye bakuli kwa robo saa ili utomvu wa njano umwagike: utomvu huo huharisha vikali na haufai kabisa kwa mama mjamzito, ilhali ute mwangavu wa ndani ndio unaopakwa kwenye ngozi. Shubiri za mwituni, zile za Baringo na kwingineko, si mali ya kung'oa na kuuza. Biashara yake inalindwa na sheria na mkataba wa kimataifa, ambao umeiondoa Aloe vera peke yake.

Mwarobaini hupenda Kisumu na hudumaa Nakuru. Mbegu zake hufa haraka, kwa hiyo zipandwe ndani ya wiki chache baada ya tunda kuiva, zikiwa zimeoshwa nyama yake. Kwa maoni yangu mti huu una manufaa zaidi kwa bustani kuliko kwa tumbo. Twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kavu, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, na upulize jioni juu ya vidukari, inzi weupe na utitiri. Mafuta yake asipewe mtoto mchanga kwa hali yoyote.

Mukombero, ambao wataalamu wa mimea huuita Mondia whytei, ndio fahari ya Magharibi. Mizizi yake yenye harufu inayokaribia vanila hutafunwa na kuuzwa kwa vifungu kwenye vituo vya magari kuanzia Kakamega hadi Kisumu, na kwa sababu mteja hutaka mzizi, msitu umekuwa ukichimbwa kuliko unavyojaza. Kuulima kunawezekana. Maganda yakipasuka, chukua mbegu zikiwa bado mpya, kwani hazidumu, uzioteshe kwenye kitalu chenye kivuli na mboji, na miche ikifikia sentimita 20 uihamishe. Ni mmea wa kutambaa juu, hivyo uupe mti wa kupandia. Lusiola, ambao Wajaluo huuita siala, hufaa kwa kuwa kivuli chake ni chepesi, lakini mkaratusi utaunyima maji. Subiri miaka miwili au mitatu. Wakati wa kuvuna, fukua upande mmoja tu, kata mizizi ya pembeni, rudisha udongo na mboji, na mwaka unaofuata uhamie upande mwingine. Anayeng'oa shina zima hupata fedha za siku moja.

Atemisia nayo imeenea mashambani. Ni kweli kwamba dawa ya malaria ilitolewa humo, na Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani yake kwa malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani na vimelea huweza kuzoea. Katika kaunti za kando ya ziwa, homa ni ya kupimwa kituoni siku hiyohiyo, na bustani ibaki kuwa ya kikohozi, gesi tumboni na mchubuko. Anayetumia dawa za hospitali kila siku, au aliye mjamzito, amweleze mhudumu wa afya anachokunywa nyumbani, hata kama ni majani tu.

Kuvuna kufanyike asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, kwa maana ndipo harufu inapokuwa nyingi zaidi kwenye majani. Usichukue zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mkupuo. Kukausha kufanyike kivulini penye hewa: funga vishada vidogo na uvitundike chini ya dari, au tandaza majani juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, joto lisizidi nyuzi 40. Jua la moja kwa moja hufifisha rangi ya majani na kuchukua harufu, kile ulichokilimia. Kakamega, ambako hewa huwa na unyevu, vishada viwe vyembamba zaidi, vinginevyo katikati itaota ukungu wakati nje pameshakauka. Penye ukungu patupwe pote, pasichambuliwe. Jani lililo tayari huvunjika kwa kishindo kidogo, na kijiti chake hukatika badala ya kupinda.

Hifadhi majani yakiwa mazima kwenye chupa au kopo lenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko na dirisha, na uandike juu yake jina la mmea na tarehe. Siku mbili tatu baadaye lifungue na kulitazama: ukiona mvuke ndani ya kioo, yarudishe kwenye wavu. Nanaa na mrehani hupoteza harufu ndani ya mwaka mmoja hivi, rozmari huvumilia zaidi, na yaliyopitwa na wakati hurudi kwenye shimo la mboji.